Mtandao wa Uani kwa Ma Adelgunda

Mimi ni mtu wa Muleba, na nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Watu wa Muleba tunasemwa kwamba tunajisikia, na sitapoteza karatasi kulikanusha. Nilipopangiwa kufundisha hesabu sekondari ya kata huku Bweranyange, wilayani Karagwe, jirani na mpaka wa Rwanda, nilishuka garini na stashahada ya kompyuta, kompyuta mpakato moja na simu mbili. Wiki haikuisha kabla sijagundua kuwa vyote hivyo, huku bondeni, vinafaa kugandamizia karatasi zisipeperuke.

Mtandao ulikuwepo, ila haukuwa wa kwetu. Ukiwasha simu kwenye nyumba za walimu, inakukaribisha Rwanda. Inakutakia safari njema kwa heshima zote, nawe umekaa kitandani unatafuta soksi ya pili. Ukithubutu kupiga, salio lote linakwisha kabla hujamaliza kusalimia.

"Nenda kwa Ma Adelgunda," mkuu wa shule aliniambia. Nikadhani ni duka.

Lilikuwa boma la mjane mmoja wa miaka sitini na tatu, Mlutheri, sauti ya pili kwenye kwaya, mwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe, Rwezaura. Pembeni mwa ua wake, pale migomba inapoishia, kulikuwa na jiwe bapa la kutosha watu wawili wasiogombana. Ukisimama juu ya jiwe hilo ukatazama mlimani, unapata mtandao wa Tanzania, safi kabisa. Ukishuka hatua moja, umerudi Rwanda. Kwa nini ilikuwa hivyo sijui, na mtu aliyesomea kompyuta anaumia kusema sijui. Kitongoji kizima kilipiga simu pale: kuuliza bei ya kahawa, kuitana misibani, kuposa, hata kulaani.

Lakini jiwe lilikuwa ndani ya ua, na ua una mwenyewe. Huku Karagwe huingii uani kwa mtu ukaenda moja kwa moja kwenye shida yako kama kuku aliyeona mahindi. Unabisha hodi. Unasalimia. Unapewa kigoda. Kisha mwenyeji anakuletea akamwani, kahawa iliyochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo cha ukili, nawe unachukua punje mbili tatu unatafuna taratibu. Mnaulizana habari za nyumbani, za maharage, za mbuzi, za mchungaji. Zote ni nzuri, maana habari ya kwanza huwa nzuri hata kama paa linawaka. Baada ya hapo ndipo unaweza kukohoa kidogo na kusema, kwa neno la heshima la huku, "Waitu, Ma, nilikuwa na kasimu ka kupiga."

Simu yangu ya kwanza pale ilichukua dakika mbili. Kuifikia kulichukua saa nzima na robo. Nilikasirika sana, nikamwambia kabisa kwamba mjini mtu anapiga simu huku anatembea.

"Pole," alinijibu Ma Adelgunda, akanisogezea kikapu. "Chukua nyingine."

Nikachukua. Mwezi wa pili nilikuwa naenda hata siku ambazo sina wa kumpigia.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko kinachoanzia mabegani, na alitawala jiwe lile kama waziri. Ugomvi wa simu marufuku: mtu akianza kufoka anashushwa, anatafuna kahawa upya, anapanda tena akiwa na adabu. Mwenye mgonjwa anatangulia. Binti anayeongea na mchumba, sote tunageuka kutazama migomba. Na lililosikika jiweni halitoki getini. Miaka tisa alisikia siri za kaya sabini na hakuna hata moja iliyomponyoka. Mimi nilipompigia mama yangu nikamdanganya kuwa nimepandishwa cheo, Ma Adelgunda alisikia kila neno, na kesho yake akaniita Mwalimu vilevile kama jana, bila hata kutabasamu. Hilo sitalisahau.

Watoto wake wanne walikuwa wametawanyika, wa karibu yuko Mwanza. Lakini hukumkuta peke yake hata siku moja. Kuanzia umande unapokauka mpaka mbuzi wanaporudi, vigoda sita vya ua wake vilikuwa na watu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alipenda kusema, na aliposema yeye haikuwa methali tu. Alikuwa anaeleza hali yake ya afya.

Sasa ikaja barua.

Ilitoka kwa mtendaji wa kata. Ilisema maofisa wa tume ya serikali inayosimamia sera ya TEHAMA nchini, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, watapita wilayani kukusanya maoni ya wananchi. Kikao cha upande wetu kingekuwa Nyaishozi, siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tano. Kila kijiji kitume mtu mmoja anayeyajua mambo ya mawasiliano.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa nilivaa koti. Nilikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti alipouliza nani anayajua mambo ya mawasiliano hapa kijijini, nilijikohoza, nikaanza kunyanyuka kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

"Ma Adelgunda!" watu walipaza sauti kwa pamoja.

Nilibaki nimechuchumaa nusu, si nimekaa si nimesimama. Mwenyekiti, mtu mwenye huruma, akasema basi Mwalimu amsindikize, amwandikie. Nikashukuru kama mtu aliyekusudia kushukuru tangu mwanzo.

Hoja ya kijiji ilikuwa moja: mnara. Tunataka mnara. Wote walipiga makofi, na Ma Adelgunda naye alipiga, ila mimi nilikuwa karibu naye na niliona makofi yake hayakutoa sauti.

Nilimfuata nyumbani jioni ile. Alikuwa anaanua kahawa.

"Mwalimu," aliniambia bila kunitazama, "wakileta mnara, kila mtu atapiga simu jikoni kwake."

"Ndiyo, Ma. Ndiyo maana ya mnara."

"Na hapa atakuja nani?"

Nilitazama vile vigoda sita. Nikamwambia watu watakuja tu, Ma, watu wanakupenda. Alicheka, lakini kicheko hakikufika mabegani.

"Rwezaura aliponifia, watu walikuja siku arobaini," alisema. "Siku ya arobaini na moja nilikaa hapa kuanzia asubuhi, sikumwona hata mwenye kuomba moto. Wananipenda, ndiyo. Wana mashamba pia. Miaka miwili baadaye ndipo mtu wa kwanza alisimama pale jiweni, simu ikaita."

Usiku ule sikuwa na wasiwasi na hoja. Nilikuwa na wasiwasi na msemaji. Mwanamke huyu alikuwa anatumwa kwenda kuomba ua wake ufungwe, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama yuko radhi.

Alhamisi niliamka kwa kengele ya simu. Hapa inabidi nikiri. Nilikuwa nimenunua simu mpya mjini Kayanga wiki ile ile, simu kubwa, inayojipangia kila kitu yenyewe. Nilimpitia Ma Adelgunda nikamkuta amesimama getini, kitenge cha kwaya, kikapu cha kahawa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Tumechelewa," alisema.

"Hatujachelewa, Ma. Tuna muda mpaka wa kunywa chai."

"Jua limeshavuka mgomba wa tatu."

"Ma, hii hapa ni simu ya kisasa." Nikamwonyesha. "Jua linaweza kukosea, hii haikosei."

Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto wa mgeni, ambaye huwezi kumchapa. Tukanywa chai, kwa kuwa mimi nilisisitiza. Kisha tukapanda pikipiki mbili, tukaenda, mimi mbele nikipunga mkono kwa watu.

Tulipoikaribia Nyaishozi simu ililia mfukoni. Niliitoa. Ilikuwa inaniarifu kwa furaha kwamba nimerudi Tanzania. Na mbele ya macho yangu saa ikaruka: ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi, sasa ni saa tano kasoro dakika kumi. Rwanda wako nyuma yetu saa nzima, na simu yangu ya kisasa ilikuwa imelala Rwanda. Laiti ningesimama juu ya jiwe la Ma Adelgunda dakika moja tu, ingejirekebisha. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, ninakunywa chai.

Nilijichukia. Nasema wazi. Mtu wa stashahada nimeshindwa na mgomba wa tatu.

Ukumbini Nyaishozi viti vilikuwa vinapangwa ukutani. Wajumbe wa vijiji vingine walishatoka, wamesimama barabarani wananunua ndizi za kuchoma. Ofisa wa Tume, dada mmoja wa miaka kama arobaini aitwaye Celestina, alikuwa anafunga begi lake. Dereva alishawasha gari. Saa saba walitakiwa Kyerwa, kwenye kikao kingine. Kwa siku zote nilizoishi katika nchi hii, hicho ndicho kikao cha serikali pekee nilichokiona kikianza kwa wakati na kuisha kwa wakati.

"Asiyekuwepo na lake halipo," mtendaji wa kata aliniambia, akinipita. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, mama," Celestina alimsalimia Ma Adelgunda. "Samahani sana, tumeshafunga. Kuna fomu, mwalimu anaweza kuijaza, mtendaji atatutumia."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu ni wapi?"

"Naishi Dodoma, mama. Ila nyumbani ni Bukoba."

"Aa, Bukoba." Ma Adelgunda alikwisha kukaa. Alifungua kile kitambaa cheupe, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili. "Basi hii unaijua."

Niliona jinsi yule dada alivyotazama kikapu, akatazama gari, akatazama saa yake ya mkononi. Niliona pia kitu kinapita usoni pake, labda ni bibi yake huko Bukoba. Mtoto wa Kihaya aliyelelewa vizuri hakatai akamwani mkononi mwa mwanamke wa umri ule, na haitafuni akiwa amesimama. Alivuta kiti. Akachukua punje mbili. Dereva akaja kumwita; Ma Adelgunda akamnyooshea na yeye; dereva akazima gari.

Wakaulizana habari. Za Bukoba nzuri. Za safari nzuri. Za watoto, nzuri. Mvua imekuwaje, maharage yamekaaje. Mimi nilikuwa natoka jasho, nikihesabu dakika, sasa za Tanzania. Zikapita kumi na tano.

"Mwanangu," Ma Adelgunda akasema, "ulikuwa unaondoka. Una haraka kweli?"

Celestina akacheka kwa aibu. "Kweli, mama. Kyerwa wananisubiri."

"Na umekaa."

"Nimekaa, mama."

"Kwa nini?"

"Sasa mama, umenipa kahawa."

Ma Adelgunda akaweka kikapu chini. Sauti yake ilibadilika, ikawa ndogo.

"Sikiliza basi. Kwetu Bweranyange mtandao unapita uani kwangu. Hakuna njia nyingine. Mwaka jana, mwezi wa nne, alikuja jirani yangu anaitwa Kahigi. Alikuwa anakimbia, nilimwona kupitia migomba. Alipofika getini akaacha kukimbia. Mtu hakimbii uani kwa mtu mzima. Akabisha hodi, akasalimia. Nikampa kigoda. Nikampa kahawa kama nilivyokupa wewe. Nikamuuliza, nyumbani hamjambo? Akasema, hatujambo, tunashukuru. Nikamuuliza maharage. Nikamuuliza mbuzi. Akanijibu yote. Alikuwa anatafuna upesi upesi, nikadhani imemnoga. Nikamwongezea kahawa."

Mtendaji wa kata alikuwa amesimama mlangoni, ameacha kucheza na funguo zake.

"Alipomaliza kutafuna ndipo akasema, waitu, Ma, Joanitha ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya, naomba niite gari. Mkewe, mwanangu. Mkewe alikuwa anakufa na yeye ananijibu habari za mbuzi. Gari lilikuja. Mtoto alizaliwa njiani, ni mzima, anaitwa Kokuhirwa. Joanitha alipoteza damu nyingi, alilala hospitali wiki tatu, akapona kwa neema ya Mungu. Nusu saa. Mimi nilimkalisha nusu saa. Kahigi hajawahi kunilaumu, na najua hajawahi hata kulifikiria. Mimi nalifikiria kila siku."

Nilikuwa nimeshakaa Bweranyange miaka mitatu na nimesikia kila kitu jiweni. Hilo sikuwahi kulisikia. Niliinama, nikajifanya natafuta kalamu.

"Wanasema haraka haraka haina baraka," alimalizia Ma Adelgunda. "Kweli. Lakini kuna siku haraka ndiyo baraka yenyewe. Sitaki mtu mwenye shida apite kwenye adabu zangu kwanza. Andika hivyo. Tunaomba mnara. Mimi ndiye ninayeomba."

Celestina alikuwa ameshafungua begi tena. Aliandika ukurasa mzima kwa mkono. Alisema ukweli, na nilimheshimu kwa hilo: Tume yao inasimamia sera, minara wanajenga wengine, yeye hawezi kuahidi hata nguzo moja. Ila maneno haya yataingia kwenye taarifa kama yalivyosemwa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa nini tulichelewa. Nikamweleza habari ya simu iliyolala Rwanda. Akaliandika na hilo, akipiga mstari chini yake. Kwa hiyo ujinga wangu upo katika karatasi za serikali, na mchango wangu kwa taifa ni huo.

Mnara ulikuja. Sisemi ni kwa sababu ya ile taarifa. Mambo ya juu yana njia zake, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Ilipita mwaka na miezi, kampuni moja ikapandisha vyuma mlimani, na Jumatatu moja asubuhi simu yangu ikaacha kunikaribisha Rwanda. Watu walishangilia vijiji vitatu. Kahigi, akiwa sebuleni, alimpigia mkewe aliyekuwa jikoni, wakaongea dakika kumi.

Na ua wa Ma Adelgunda ukanyamaza.

Sio kwamba watu walikuwa wabaya. Walikuwa na mashamba. Wiki ya kwanza walipita kusema asante, wiki ya pili walipita wachache, wiki ya tatu nilimkuta amekaa peke yake na kikapu kimejaa, na nyasi zimeanza kuota kando ya jiwe. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, nikijifanya nimepita tu.

"Nimejichongea, Mwalimu," aliniambia siku hiyo. "Usiniambie nilifanya vizuri. Najua nilifanya vizuri. Inauma vilevile."

Nilichukua punje mbili, tukatafuna.

Hapo ndipo hodi ilipobishwa. Alikuwa Kahigi, shati la kanisani siku isiyo ya kanisa, amemshika mkono binti yake Kokuhirwa, anayetembea kama bata. Tulisalimiana. Ma Adelgunda alinyanyuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akafuta kigoda kwa kanga yake.

"Una simu ya kupiga?" alimuuliza. Nadhani ilimtoka tu, kwa mazoea.

"Hapana, Ma. Nimekuja kukaa."

Ma Adelgunda akachukua kikapu kwa mikono miwili, akamnyooshea. Kahigi naye akanyoosha mkono, na wakati huohuo simu ikaanza kuita mfukoni mwake. Mtu mwenye adabu yule, aliibana na kiganja kuzima mlio, mkono mwingine bado unaelekea kwenye kahawa.

Ma Adelgunda akarudisha kikapu kifuani.

"Pokea kwanza," alisema.

"Ni nyumbani tu, Ma, watasubiri."

"Kahigi. Pokea kwanza."

Akapokea. Alikuwa Joanitha, anauliza kama mtoto amevaa sweta. Amevaa, Kahigi alisema, ndiyo, lile la njano. Ma Adelgunda alisimama mbele yake muda wote huo, amekumbatia kikapu, na hakukinyoosha tena mpaka simu iliporudi mfukoni.